Kisima cha Bi Kanga

Wanyama wa bonde la Ruaha Mkuu walizaliwa wakaukuta mto unatiririka, na babu zao waliukuta hivyo hivyo. Maji yalishuka kutoka nyanda za juu za kusini, yakatuama kwenye ardhi oevu ya Ihefu kule Usangu, kisha yakavuka kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama na kuingia bondeni. Kiangazi kilipokuwa kikali mto ulipungua, lakini haukukatika. Ilipofika mwaka 1993 mambo yalibadilika. Vijito vinavyoilisha Ihefu vilikuwa vimeelekezwa kwenye mashamba ya mpunga huko juu, maji yakashuka chini ya kile kizingiti, na tone halikuvuka tena mpaka mvua ziliporudi. Tangu hapo mto umekuwa ukikatika kiangazi baada ya kiangazi.

Yalibaki madimbwi machache kwenye kona za mto, na mchanga. Dimbwi kubwa kuliko yote lilikuwa la Mzee Kiboko. Yeye na ukoo wake walijazana humo ubavu kwa ubavu, na aliyesogea kunywa alionyeshwa meno.

Bibi Tembo ndiye aliyejua la kufanya. Alisimama katikati ya mto mkavu, akanusa, akaanza kuupiga mchanga kwa mguu wa mbele na kuurusha pembeni. Shimo lilipozidi kina alipiga magoti, akaingiza mkonga. Maji ya kwanza yalikuwa tope tupu. Akayafyonza, akayamwaga kando. Akangoja. Yakachuja mengine polepole kutoka ubavuni mwa shimo, safi, ya baridi. Akanywa, akanywesha watoto na wajukuu, akaenda zake. Nyuma yake wakashuka pundamilia, nyani, swala na ngiri, na mwisho kabisa Bi Kanga na vifaranga wake.

Kisima cha mchangani hakidumu. Upepo wa mchana hukifukia, kwato za wanaokunywa hubomoa kingo zake, na siku mbili tatu zikipita hujui kilikuwa wapi. Kila kilipofukiwa Bibi Tembo alirudi kuchimba, na kila alipomaliza wenzake walirudi kunywa. Miaka ikapita hivyo. Hakuna aliyeuliza Bibi anachoka lini.

Bi Kanga aliuliza. Aliitisha mkutano chini ya mbuyu na kusema, "Ndugu zangu, Bibi yetu anachimba peke yake, sisi wote tunakunywa. Siku akiumwa, au akihamia kwingine, itakuwaje? Naomba tuchangie. Mwenye kwato atoe kwato, mwenye pembe atoe pembe. Mimi nina kucha tu, nazitoa."

Nyati alikuwa wa kwanza kujibu. "Sisi kodi yetu tunalipa. Haipiti wiki bila mmoja wetu kuliwa na Simba. Simba ndiye serikali ya bonde hili, na maji ni kazi ya serikali." Wakapiga makofi. Simba, aliyekuwa amejinyoosha kivulini, alifumbua jicho moja, akasema suala hilo linashughulikiwa, akalifumba tena.

Twiga alisema, "Mimi nakula majani ya juu. Maji yaliyomo humo yananitosha siku nyingi. Hili ni la wafupi."

Mzee Kiboko hakuja. Alituma salamu: "Mimi maji yangu ninayo. Kila mtu apambane na hali yake."

Nyani ndiye aliyeufunga mkutano. "Kwa nini tujichoshe wakati kuna wahisani?" akauliza. "Yupo Korongo mweupe. Anazaliwa Ulaya, ameona nchi nyingi, hawezi kushindwa na kisima kimoja. Tumwandalie mapokezi, tumweleze shida yetu." Hoja ilipita bila kupingwa. Kazi pekee iliyofanywa baada ya mkutano ule ilikuwa kuchonga kibao cha kumkaribisha mgeni rasmi.

Korongo alifika Novemba, kama afikavyo kila mwaka, akiikimbia baridi ya kwao. Na Novemba ndiyo mvua zinapoanza Ruaha. Alipotua, mto ulikuwa umejaa kingo hadi kingo, nyasi zimechipua, vyura wanaimba. Walimchezea ngoma. Walimsomea risala ndefu kuhusu kiu, na yeye akaisikiliza akiwa amesimama kwenye maji yaliyomfika magotini. Alihuzunika kwa dhati, maana alikuwa na moyo mwema. Aliahidi kuleta msaada. Machi ilipokaribia alipaa kurudi Ulaya, na mwaka uliofuata akarudi na furushi kubwa la manyoya laini, zawadi kutoka kwa wenzake walioguswa na habari za shida ya Ruaha. Kwao, kiumbe mwenye shida ni kiumbe anayetetemeka kwa baridi. Wanyama wakashukuru, wakapiga ngoma tena, na manyoya yakaoza kwa joto chini ya mbuyu.

Korongo hakuwa mwongo wala bahili. Alikosa jambo moja tu: hakuwahi kuuona Oktoba wa Ruaha. Miezi ambayo mto umekufa, yeye yuko kwenye paa la nyumba kijijini kwao au njiani anakuja. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wa bonde hili huuma kuanzia Agosti.

Kikaja kiangazi ambacho Bibi Tembo hakutokea. Malisho yalikuwa yameisha mapema, akauongoza ukoo wake kwenda mbali kutafuta chakula, kama walivyo tembo. Wanyama walishuka mtoni wakakuta mchanga mtupu. Walikaa wakimngoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pundamilia wenye kwato ngumu waliketi. Ngiri wenye pembe za kufukulia waliketi. Siku ya nne mtoto wa ngiri, aliyekuwa hajamaliza hata wiki tatu tangu azaliwe, alilala juu ya ule mchanga, pua yake ikielekea mahali ambapo maji yalikuwa yakitoka, na hakuamka. Maji yalikuwa chini yake. Kina cha kuyafikia hakikuzidi urefu wa mguu wa mama yake.

Bi Kanga hakuitisha mkutano wa pili. Alishuka alfajiri na vifaranga wake wakaanza kuparura. Kucha ya kanga huondoa mchanga wa kujaza ganda la mbegu ya mbuyu, na nusu ya huo hurudi. Waliparura mpaka jua likapanda. Shimo lilikuwa na kina cha yai.

Kijana Pundamilia alikuwa akiwatazama kutoka ukingoni. "Mama Kanga," akasema, "kwa kucha hizo hamtafika."

"Tunajua, mwanangu."

"Sasa mnachimba nini?"

"Tunachimba pale tunapoweza. Na wewe una kwato."

Kijana alisimama kidogo, kisha akashuka. Kwato zake nne zilifanya kwa dakika chache kazi ya asubuhi nzima ya kanga. Ngiri jike, yule aliyefiwa, alishuka bila kuitwa, akapiga magoti ya mbele kama wafanyavyo ngiri, akaanza kusawazisha kingo kwa pembe zake ili zisiporomoke. Nyani, ambao huchimba maji kwa mikono wakitaka, sasa walitaka. Twiga, ambaye majani yake yalikuwa yamekauka, aliona aibu. Akasema hawezi kuinama, lakini anaweza kuona mbali, akasimama zamu ili wachimbaji wasivamiwe wakiwa wameinamisha vichwa. Jua lilipokuwa likizama mchanga ulibadilika rangi, kisha ukawa tope, kisha yakatoka maji. Nyani mmoja aliyekuwa amemwona Bibi Tembo mara nyingi alipaza sauti: "Msinywe! Ya kwanza tumwage." Wakamwaga. Wakangoja. Kisha wakawapisha wadogo wanywe mwanzo.

Usiku ule ule waliweka kanuni mbili. Ya kwanza: kila anayekunywa aondoe mchanga kabla hajaondoka, kwa kadiri ya mwili wake. Ya pili: kila anayepata chakula alete ganda moja la mgunga chini ya mbuyu, kwa ajili ya wagonjwa, wenye mimba na yatima wasioweza kwenda mbali na kisima kutafuta malisho.

Ya kwanza ilifuatwa vizuri. Ya pili ilikaribia kuuvunja mpango wote. Tumbili alijitolea kuwa mweka hazina kwa kuwa, alisema, ana uzoefu wa kuhesabu. Akaunda kamati. Kamati ikakaa kujadili namna ya kugawa maganda, na kila mjumbe akapewa ganda moja la posho. Ikakaa tena kupitia kumbukumbu za kikao kilichopita, posho maganda mawili. Ilipokaa mara ya tatu ilikuwa kutafuta chanzo cha upungufu wa maganda. Swala mwenye mimba alisogea mbuyuni akakuta makapi. Habari zikaenea, na kesho yake hakuna aliyeleta kitu. Walisema, "Tulijua. Michango huliwa."

Hapo ndipo mpango ulipokaribia kufa, na aliyeuokoa ni yuleyule wa kwanza. Bi Kanga hakuwabembeleza waendelee kumwamini Tumbili, wala hakukubali kwamba wizi wa mmoja ni sababu ya swala kulala njaa. Aliamuru maganda yasifichwe tena kwenye pango la mbuyu. Yawekwe peupe, chini, pande zote zionekane. Kila jioni yahesabiwe kwa sauti mbele ya wote: yaliyoingia, yaliyotoka, aliyepewa, yaliyobaki. Kamati ikafutiwa posho, na kwa hiyo ikabaki na wajumbe wawili, ambao walitosha. Na kundi lake la kanga likalala juu ya mbuyu huo huo. Kila ajuaye kelele za kanga anapogutuka anaelewa kwa nini Tumbili hakurudi usiku. Siku ya tatu ya hesabu ya wazi maganda yalianza kuja tena. Siku ya kumi rundo lilikuwa kubwa kuliko mwanzo.

Oktoba ikafika, mwezi mbaya kuliko yote, na dimbwi la Mzee Kiboko likageuka. Mto usiotiririka hauondoi uchafu. Kinyesi cha viboko wote waliobanana humo kilirundikana, maji yakawa meusi, samaki wakaelea tumbo juu. Usiku mmoja Mzee Kiboko alionekana ukingoni mwa kisima, ngozi yake imepasuka kwa jua, hasemi kitu.

"Kamwene, Mzee," Bi Kanga akamsalimu.

"Kamwene, mama." Akanyamaza tena.

Kijana Pundamilia akaruka mbele. "Huyu si ndiye aliyesema kila mtu apambane na hali yake? Na apambane."

Wengi waliitikia. Bi Kanga akangoja mpaka kelele zikaisha. "Tukimfukuza," akasema, "tutakuwa tumekubali fundisho lake. Mimi sikulikubali siku ile, sitalikubali leo. Mzee atakunywa. Na Mzee atachangia kama sisi."

Uzito wa Kiboko ungebomoa kisima, hivyo walimchimbia shimo lake upande wa chini kidogo wa mto. Naye wakampa kazi inayofanana na mwili wake: kila usiku akienda na kurudi malishoni apite njia moja, aishindilie na kuilaza, mpaka ukingo mkali wa mto ukawa mteremko ambao wazee na watoto waliweza kuushuka bila kuanguka. Alikuwa amekaa mtoni miaka yote hiyo na miguu ile ile. Hakuna aliyewahi kufaidika nayo mpaka siku alipoacha kuificha.

Mvua zikarudi, na Korongo akarudi nazo. Safari hii hapakuwa na kibao wala ngoma. Aliona mteremko mpya, aliona rundo la maganda na kanga wakihesabu, akauliza swali ambalo hakuwahi kuuliza: "Ninyi mnafanya nini, na mimi niingilie wapi?"

Bi Kanga alimjibu, "Mgeni wetu, manyoya tulikushukuru, lakini hatuhisi baridi. Mvua hizi za kwanza huja na viwavijeshi. Wanakula nyasi changa kabla watoto wetu hawajazionja. Wewe na wenzako mnakula wadudu. Shukeni kule uwandani, mle."

Korongo na kundi lake walishuka wakala viwavi na panzi kwa wiki nzima, na malisho ya mwaka ule yakapona. Ulikuwa msaada mkubwa kuliko yote aliyowahi kuitoa, na haukumgharimu zaidi ya kuuliza.

Kiangazi kilichofuata Bibi Tembo alirudi kutoka mbali, mkonga umekauka, ukoo wake umechoka. Alikuwa amejiandaa kuchimba. Alikuta kisima kiko wazi, kingo zimesawazishwa, na kanga mdogo amesimama pembeni akiondoa mchanga wa zamu yake. Bibi alikunywa, akanywesha wajukuu. Kisha akamgeukia Bi Kanga. "Zamu yangu ni lini?"

"Alfajiri, Bibi," akajibiwa. "Unaanza wewe, sisi tunamalizia."

Hekaya inaishia hapo, na sasa nasema nawe msomaji.

Hakuna kijiji wala mtaa wetu usio na kisima chake cha mchangani. Pengine ni kituo cha watoto yatima kinachoendeshwa na akina mama wanne wa mtaa. Pengine ni chama cha kuzikana, mfuko wa sare na madaftari kwa watoto ambao wazazi wao hawawezi, kikundi cha wanaowatembelea wagonjwa wasio na ndugu, au fungu la zaka na sadaka linalogawiwa na watu wanaojua nyumba ipi haijawasha jiko tangu jana. Vyote hivyo hufukiwa na mchanga kila siku. Vinaishi kwa kuwa kuna mtu anaondoa mchanga huo, na mara nyingi ni mtu yuleyule mmoja, mwaka hadi mwaka, huku sisi wengine tukinywa na kwenda zetu.

Si jambo geni kwetu. Wachagga walichimba mifereji kwenye miteremko ya Kilimanjaro kwa mikono, na ikadumu vizazi kwa vizazi kwa sababu waliokunywa maji yake ndio waliotoka kuizibua. Kilimanjaro na Upareni kazi hiyo ya pamoja inaitwa msaragambo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 wito wa harambee ulijenga madarasa na zahanati ambazo hazina ya taifa isingezifikia upesi. Na ukame ulipoipiga Turkana mwaka 2011, Wakenya walichangiana kwa simu, wengi wao shilingi kidogo kidogo, na wakavuka shilingi milioni 500 zilizokuwa zimekusudiwa. Nchini Tanzania, sheria ya huduma za maji ya mwaka 2019 imeviweka visima na mabomba ya vijijini mikononi mwa vyombo vya watumia maji wenyewe, kwa kutambua kwamba mradi usio na mwenyewe wa kuutunza haudumu.

Mchango wa karibu una nguvu tatu ambazo msaada wa mbali hauna. Unajua Oktoba, yaani unafika wakati wa kiu yenyewe. Unaonekana, kwa hiyo mwizi wake anaonekana pia. Ukisikia kwamba fedha za kikundi zimeliwa, dai hesabu ya wazi, usitumie wizi wa Tumbili kama ruhusa ya kufunga mkono. Na anayetoa leo ndiye atakayepokea kesho, kwa hiyo hakuna anayedhalilishwa kwa kupewa. Wahisani wa mbali, pamoja na ndugu zetu walioko ughaibuni, tunawahitaji bado. Lakini waje kama Korongo alivyokuja mara ya mwisho: wawaulize wanaochimba, kisha waweke nguvu zao pale wanapoelekezwa.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kodi unayolipa haikufuti kwenye orodha ya wachangiaji, na udogo wa kipato chako haukufuti pia. Mwezi huu, kabla mshahara au mauzo hayajaisha, tafuta jina la kikundi kimoja kinachohudumia wasiojiweza katika mtaa wako. Nenda kakione kwa macho yako. Uliza kinapungukiwa na nini. Kipe fedha, au unga, au saa mbili za Jumamosi yako, kisha mwezi ujao urudi utoe tena. Kinachokiweka kisima wazi ni wewe kurudi.